Umbali wa Kusukuma Pikipiki

Pikipiki ndogo ya kwenda porini haikuundwa kwa ajili ya mzigo. Kiti chake ni chembamba, madigadi ya nyuma ni ya plastiki, shokapu ni ndefu, na mtu aliyeichora alimfikiria mwendeshaji mmoja mwenye haraka, asiyebeba kitu. Sisi tumeigeuza kuwa ofisi. Honda XL na Yamaha DT, na siku hizi ndugu zao wa bei nafuu kutoka China na India, ndizo tulizozizoea mlangoni mwa ofisi za kata na zahanati. Juu yake hupandishwa sanduku la chanjo, bomba la lita 16 la kunyunyizia dawa, madaftari, na mara nyingine mwenyekiti wa kijiji mwenyewe.

Nami ninayo moja, ya CC 125. Utafiti wangu kuhusu huduma za umma vijijini umenipeleka mara nyingi Mgeta, upande wa magharibi wa Milima ya Uluguru, ambako mashamba ya kabichi na njegere yamening'inia kwenye miteremko, na njia ya kwenda kitongoji cha juu ni kijia cha miguu kilichopanuliwa na majembe. Huko ndiko nilikojifunza kwamba kufunga mzigo ni elimu, na kwamba walio nayo si wale walioandikiwa kuwa nayo.

Kanuni yenyewe ni rahisi kuitamka: kilicho kizito kikae chini na karibu na injini. Mzigo ukikaa nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma, mlimani gurudumu la mbele huwa jepesi, usukani ukaanza kuyumba, na mpandaji hulazimika kulalia tanki ili pikipiki isimgeukie. Ukifunga mfuko wa spana juu ya madigadi ya plastiki, haipiti miezi mingi kabla haijapasuka. Wengine hubeba vyuma mgongoni ndani ya begi, na hilo ni baya kuliko yote, kwa sababu siku ya kuanguka utauangukia mgongo wako pamoja na spana. Fundi mmoja wa Morogoro alinikatia kipande cha bomba la maji la plastiki, akakiziba upande mmoja, akakifunga kwenye fremu mbele ya injini. Humo ndimo vinamokaa vyuma viwili vya kubandulia tairi na spana ya nati ya ekseli. Havilii, havionekani, na havijawahi kudondoka.

Tyubu ya akiba ina siri zake pia. Gurudumu la mbele la pikipiki hizi kwa kawaida ni la inchi 21 na la nyuma ni la inchi 18. Mwenye nafasi ya tyubu moja huchukua ile ya mbele, maana ikikunjwa kwa uangalifu huweza kuingia nyuma na kumfikisha mtu kwake, ilhali ile ya nyuma haitanuki kuzunguka gurudumu la mbele. Kisha huizungushia kitambaa, kwa kuwa tyubu inayosuguana na spana kwa kilomita mia mbili za makorongo hufika ikiwa imetoboka kabla haijatumika. Ukiongeza pampu ya mkono, viraka na gundi yake, plagi moja, koleo, bisibisi, waya wa kufungia na kiungo kimoja cha cheni, umemaliza. Vyote havifikii uzito wa kilo nne. Nilivinunua kwa fedha pungufu ya posho yangu ya siku mbili za semina, na semina hiyo, nakumbuka, ilihusu kuboresha utoaji wa huduma.

Naeleza haya kwa urefu kwa sababu ya mtu mmoja ambaye sitamtaja jina. Ni afisa ugani. Wakulima humwita bwana shamba, kama babu zao walivyowaita waliomtangulia. Nilifuatana naye wiki kadhaa nikilinganisha taarifa zake za robo mwaka na safari zake halisi. Vijiji vya chini alikuwa akivifika kila wiki. Vitongoji vitatu vya juu vilikuwa vimeandikwa "vimetembelewa kupitia wawakilishi", maana yake mkulima alishuka sokoni akamwonyesha jani la nyanya lililonyauka. Nilimuuliza kwa nini. Nilitarajia anitajie mafuta.

"Mwalimu," akasema, "mimi nakwenda mpaka pale ninapoweza kurudi nikiisukuma. Zaidi ya hapo sifiki."

Pikipiki alikuwa nayo, na ilikuwa nzima. Spana alizokuwa nazo ni mbili, zote za kwake. Tyubu ya akiba hakuwa nayo. Ile aliyokuwa ameinunua kwa fedha zake alikwisha kuitumia, na hakurudishiwa kitu, kwa sababu fundi aliyemsaidia anafanya kazi chini ya mti na hana mashine ya EFD ya kumtolea risiti. Utaratibu wa halmashauri yake ulimtaka apeleke chombo kwenye karakana iliyoidhinishwa, na karakana hiyo iko mjini. Utaratibu huo umeandikwa kwa nia njema, kuzuia watu wasiandike matengenezo hewa. Lakini nani atashusha pikipiki mjini kwa lori la kabichi kwa ajili ya pancha ya shilingi 2,000?

Nilichora ramani ya kata yake upya, nikitumia umbali wa kusukuma pikipiki kwenye mteremko wa matope kama mpaka. Ililingana na taarifa zake za robo mwaka karibu kitongoji kwa kitongoji. Tangu siku ile nimekuwa mgumu wa kukubali neno "uzembe" kama maelezo ya jambo lolote darasani kwangu.

Mwezi Aprili 2022, jijini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ugawaji wa pikipiki kwa maafisa ugani nchini, na pamoja nazo vifaa vya kupimia udongo. Lilikuwa jambo kubwa, na anayelibeza hajawahi kutembea kwa miguu kutoka kitongoji hadi kitongoji akiwa na daftari. Hoja yangu inaanzia siku ya pili yake. Chombo hununuliwa mara moja, mbele ya kamera. Tyubu hununuliwa kila mara, mahali pasipo na mtu wa kupiga makofi.

Wapo waliokwisha kulifikiria hili. Yamaha walipounda AG100 kwa ajili ya wafugaji na wakulima wa Australia, waliiwekea keria mbele na nyuma, wakaifunika cheni yote isipate vumbi, wakaipa stendi kila upande ili isimame popote mwenye shamba anaposhukia. Aliyeiunda aliuliza kwanza: mtu huyu atabeba nini, na atasimama wapi? Mwishoni mwa miaka ya 1980, Mwingereza Barry Coleman na Mmarekani Randy Mamola, aliyekuwa mwendeshaji wa mashindano ya pikipiki, walikwenda Somalia wakakuta vyombo vya huduma za afya vimelala, vingi kwa kukosa matunzo madogo. Shirika la Riders for Health lililotokana na hayo lilijenga kazi yake juu ya mambo mawili yasiyo na mvuto wowote: mwendeshaji akague chombo chake kila siku, na gharama zihesabiwe kwa kila kilomita, tairi na oili zikiwamo, kabla safari haijaanza.

Najua nitaambiwa kwamba vijana wa bodaboda hawabebi spana na wanafika kila mahali. Ni kweli kwamba hakuna profesa wa uhandisi anayejua kufunga mzigo kama wao. Kijana mwenye vipande viwili vya tyubu kuukuu hufunga gunia tatu za viazi zikatulia kama zimemea pale. Lakini bodaboda ana kijiwe. Akipata pancha hupiga simu, mwenzake akaja na gurudumu. Afisa wa umma yuko peke yake, na akienda kitongoji cha juu wakati wa masika, simu yenyewe haishiki. Tena bodaboda hukataa safari isiyolipa, na hakuna anayemwandikia onyo.

Nitaambiwa pia kwamba vifaa vikigawiwa vitauzwa. Huenda baadhi vitauzwa. Tumewakabidhi watu hao hao pikipiki nzima kwa saini. Sioni ni vipi saini hiyo inadhoofika inapofika kwenye pampu.

Mwaka jana bwana shamba huyo aliandika orodha ya vitu tisa, kila kimoja na bei yake, akaiambatisha kwenye mapendekezo ya bajeti ya idara. Ukurasa mmoja, mwandiko mzuri. Ilifika kwa mhasibu, ambaye ni mtu makini na simlaumu, naye akairudisha na swali moja kwa wino mwekundu: je, hivi ni vifaa au ni matengenezo? Kasma zake ni tofauti, na kila kasma ina mwidhinishaji wake. Swali lilipelekwa juu ili litolewe ufafanuzi. Hiyo ilikuwa Novemba. Nilipopita Mgeta mwishoni mwa Februari, ufafanuzi ulikuwa haujarudi, na mawingu ya masika yalikwisha kuanza kukaa juu ya milima.