Hongo ya Mwaka 1871

Nilipokuwa nikifundisha historia Kasulu, niliwahi kuwavunjia heshima mababu wa wanafunzi wangu kwa neno moja la Kiswahili. Sikukusudia, lakini kwa mtu anayejidai mpenzi wa lugha, kosa hilo si dogo.

Nilikuwa nimepakua kurasa chache za kitabu cha Henry Morton Stanley, How I Found Livingstone, kilichochapwa 1872. Stanley alitumwa na gazeti la New York Herald, na msafara wake ulibeba bendera ya Marekani. Leo kitabu hicho kinasomwa bure katika intaneti: kijana wa Chicago na kijana wa Kasulu hufungua ukurasa ule ule. Nilichagua safari ya Novemba 1871, baada ya kuvuka Malagarasi na kuingia Buha akielekea Ujiji. Mkubwa mmoja aitwaye Mionvu anamtoza nguo. Stanley anabishana, ananung'unika, analipa. Kisha anaambiwa kwamba mbele wapo watozaji wengine, naye anakodi kiongozi na kutoroka usiku kupitia vichaka vya mianzi.

Wanafunzi walipoliona neno "Mutware" katikati ya Kiingereza cha mwandishi huyo, walishangilia. Kiha chao kilikuwa kimefika New York kabla yao! Mimi nami, kwa furaha hiyohiyo, nikaandika ubaoni tafsiri ya kile alichotozwa: hongo.

Shangwe ikakatika. Binti mmoja kutoka Kibondo akasimama taratibu: "Mwalimu, kumbe wazee wetu walikuwa wala rushwa?"

Nilikosa jibu. Neno lenyewe lilikuwa sahihi, kwani hivyo ndivyo misafara ya karne ile ilivyouita ushuru wa kupita katika nchi ya mtawala. Lakini masikio ya watoto hawa yamelijua neno hilo kwenye mabango ya kupambana na rushwa tu. Stanley aliandika kama mtu aliyeporwa. Nami, bila kujua, nikawa nimemtilia saini.

Kipindi kilichofuata tulirudi kwenye kurasa zilezile. Nani anaandika? Anawaandikia akina nani? Mionvu angesema nini kuhusu mgeni mwenye bunduki, anayepita na mizigo katika ardhi yake na kutoroka gizani bila kulipa? Binti yule ndiye aliyegundua kwamba maneno ya Mionvu yote tunayapata kinywani mwa mlipaji.

Tafsiri ikawa mjadala mkali zaidi. "Ushuru" ulikataliwa kwa sababu ndio wanaotozwa mama zao sokoni. "Kodi" ikaonekana ya serikali mno. "Zawadi" wakaicheka. Mwishowe nikaliacha "hongo" palepale, na pembeni yake nikaandika 1871.

Mwenzangu wa somo la Uraia aliingia baadaye, akatazama ubao, akaniuliza kwa nini nimeianza mada yake ya rushwa.