Zamu Yangu

Mimi nina kigugumizi, na labda ndiyo sababu michezo ya video ya Kijapani ilinivutia mapema. Katika Dragon Quest, iliyotolewa mwaka 1986, vita huendeshwa kwa zamu: unachagua kushambulia, kutumia uchawi au kukimbia, na adui hukungoja hata ukiwaza saa nzima. Muungwana kama huyo sijampata darasani!

Final Fantasy IV ya mwaka 1991 iliuvuruga ustaarabu huo. Hiroyuki Ito alibuni utaratibu ambapo kila mpiganaji hungojea muda wake utimie. Ukisitasita kuchagua, adui hukupiga. Nilipoucheza mtindo huo katika Final Fantasy VII (1997), niliiona semina yetu waziwazi: jibu ninalo, ulimi umekwama, mwenzangu keshajibu.

Hata hivyo, mchezo huo una chaguo la kusimamisha saa unapopekua orodha ya uchawi au dawa. Nililitumia bila haya. Muhula uliopita nilimwandikia mhadhiri wangu kumwomba jambo lilo hilo: sekunde chache tu kabla ya kumgeukia mwingine. Alikubali. Wiki iliyofuata nilipambana na neno "unyambulishaji", silabi zote sita, darasa likingoja.