Buibui wa plastiki na masahihisho yangu

Oktoba nzima ya 2023 nilikuwa Houston, kule Texas, kwa dada yangu, na stori niliyorudi nayo haina waziri wala mbunge. Ni stori ya buibui wa plastiki.

Kwa wasioijua Oktoba ya Marekani: mwezi ukianza tu, maduka yanageuka makaburi. Mafuvu, popo, maboga yaliyochongwa sura, utando wa bandia kila kona. Yote ni maandalizi ya Halloween, usiku wa tarehe 31, watoto wanapovaa mavazi ya kutisha na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba pipi. Mpwa wangu, mwenye miaka saba, alinunuliwa buibui mweusi wa ukubwa wa kiganja. Ana mrija mwembamba, na mwisho wa mrija kuna kibofu cha mpira. Ukikiminya, buibui anaruka.

Tatizo ni kwamba dogo mwenyewe alikuwa anamwogopa. Usiku alimfungia kwenye boksi la viatu, juu yake akaweka kamusi.

"Anko, una uhakika si wa kweli?"

Nikasema hii ndiyo kazi ninayolipwa, kutenganisha kweli na feki. Tukamweka mezani, nikatoa daftari, tukaanza kumpa maksi.

Miguu: minane, sawa. Lakini minne ilitokea kifuani na minne tumboni, wakati buibui halisi miguu yote iko sehemu ya mbele ya mwili. Nusu maksi. Macho: mawili mekundu, makubwa kama ya chura. Buibui wengi wana manane. Sifuri. Vile viungo viwili vifupi karibu na mdomo, ambavyo mtu akivihesabu haraka anadhani mdudu ana miguu kumi, havikuwepo kabisa. Sifuri tena.

Halafu nikatoa hukumu mbili kwa sauti ya mhariri mkuu. Kwanza, anang'aa mno. "Mdudu gani anang'aa kama kiatu cha askari? Ukiona anang'aa, jua ni plastiki." Pili, anaruka kwa upepo. "Hakuna kiumbe kinachonyoosha miguu kwa pampu." Jumla, maksi mbili kwa kumi. Dogo akacheka mpaka akalala chini. Usiku ule kamusi ilirudi kabatini, nami nikajiona mjomba bora duniani.

Jioni ya tarehe 31 tulikuwa tunapanga maboga mlangoni. Nyuma ya boga moja, chini kabisa ukutani, kulikuwa na utando mchafumchafu usio na mpangilio. Katikati yake alining'inia buibui, tumbo juu. Mweusi tii. Hana hata unyoya. Anang'aa kama kiatu cha askari.

Dogo akanyoosha mkono. "Anko, cheki, huyu hana mrija!"

Sijui nilifikaje. Nilimvuta mkono kwa nguvu mpaka akalia. Tumboni mwa yule buibui kulikuwa na alama nyekundu, umbo la shisha ya kupimia muda, ile ya mchanga. Ni mjane mweusi, na Texas wapo. Ni nadra kuumwa naye kuua mtu, lakini maumivu ya misuli yake si ya kusimuliwa, na mtoto mdogo ndiye wa kuhofiwa zaidi. Dada akaja na ufagio, habari za mdudu zikaishia hapo. Habari zangu zikawa zinaanza.

Maana yule mtoto hakuwa mjinga. Alitumia kipimo nilichompa mimi. Anang'aa, basi ni plastiki.

Usiku, pipi zikiwa zimemwagwa sebuleni, nilikaa kusoma, kitu ambacho nilipaswa kukifanya kabla ya kufungua mdomo. Nikakuta hata hukumu ya pili ilikuwa ya uongo. Buibui hana misuli ya kunyoosha viungo vikuu vya miguu yake. Misuli aliyonayo hapo ni ya kukunja. Kunyoosha anatumia msukumo wa majimaji ya mwilini, anayasukuma miguuni na miguu inafunguka. Ndiyo maana buibui aliyekufa hukunja miguu kama ngumi, msukumo umekwisha. Kwa hiyo ile pampu niliyoicheka ndiyo ilikuwa sehemu ya kweli kuliko zote kwenye toi lile la bei chee.

Gazetini tukikosea tunaweka masahihisho kwenye kona ya ukurasa wa ndani, kwa herufi ndogo, tukiomba msomaji asiyaone. Kwa dogo hakukuwa na kona. Asubuhi nilikaa kitandani kwake nikamwambia, nilikosea mara mbili. Wapo buibui wa kweli wanaong'aa, na wote wana pampu.

Akanitazama muda mrefu.

"Sasa nitamjuaje?"

"Usimguse. Niite, au mwite mama."

"Na wewe utamjuaje?"

Nikamwambia na mimi sitamgusa. Akafikiri kidogo, akamrudisha buibui wake kwenye boksi la viatu, akaenda kabatini kuchukua kamusi.