Nyumba ya Sala ya Makindu na Jiko Lake

Tumezoea kuandika hapa juu ya mila za kwetu: ndoa, matanga, majina ya watoto. Leo naomba twende mpaka Kenya, juu mila ya jirani nayo inafundisha.

Kule Makindu, karibu kilomita 170 toka Nairobi, kwenye barabara ya Mombasa, kuko nyumba ya sala ya Masingasinga, wale Wahindi wa kilemba. Waingereza walianza kujenga reli Mombasa mu mwaka 1896, ikafika Kisumu mu 1901. Walileta wafanyakazi zaidi ya 30.000 toka Uhindi, na karibu 2.500 walifia kazini. Makindu ilikuwa kituo cha reli hiyo. Wazee wanasimulia kwamba mwanzo watu walisali chini ya mti, Wahindu, Waislamu na Masingasinga pamoja. Nyumba yenyewe ilijengwa mu 1926.

Tuangalie mjengo. Katika hekalu la Wahindu, sanamu inakaa mu chumba kidogo cha ndani, mara nyingi mnara unasimama juu yake, na waamini wanakizunguka. Kwa Masingasinga hakuna sanamu. Kuko ukumbi mmoja, na kitabu chao kitakatifu kinawekwa mahali pa heshima. Tajiri na maskini wote wanakaa chini, viatu inje, kichwa kimefunikwa. Inje kuko bendera kwenye mlingoti mrefu, msafiri aione toka mbali. Halafu kuko jiko. Jiko lile si kitu cha kuongeza nyuma. Ni sehemu ya nyumba ya sala.

Shemeji yangu, shoferi wa kamio anayeleta mizigo toka Mombasa, anakulaka pale. Aliniambia: «Mwalimu, hawakuulizi dini wala kabila. Unanawa, wanakupa chapati, dengu na chai. Hulipi. Ukichoka, unalala.»

Maneno yale yaliniingia, juu sisi wa Goma tunajua kukimbia. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilichoma mji, na katedrali yetu Saint-Joseph ikaungua. Mu Mei 2021 tulikimbia tena. Mimi na watoto tulitembea usiku mpaka Sake. Kanisa moja kubwa, la matofali, lilibaki limefungwa. La pili lilikuwa la mbao na manjanja. Hilo njo lilitufungulia, na mama mmoja akatupikia maharagi.

Ukuta wa mawe lava inaweza kuuchukua. Nyumba ya Makindu ina karibu miaka mia moja, na nafikiri sahani ya msafiri imeilinda kama vile mawe yake. Kwa hiyo, kamati ya ujenzi inapokuja kuniomba mchango wa kanisa jipya na kunionyesha plani, mnara na vioo vya rangi, ninatoa kwa moyo mzuri. Lakini kwanza ninauliza: jiko litakuwa wapi?