"Nzuri kidogo" kwa Kiingereza inasemwaje?

Najua mmeninunia, kimya kimezidi. Ilikuwa majaribio, halafu bumu likachelewa, mtu unawaza chakula huwezi kuwaza kuandika. Leo nimepata upenyo kati ya vipindi viwili, nikasema niwape hii kabla haijapoa.

Jumanne nilikuwa nashuka ngazi za maktaba, uso umekunjamana, kisa njaa tu, sikuwa nimekunywa chai. Nikapishana na yule dada Mwingereza aliyekuja kusoma kwetu muhula mmoja. Akanitupia, "You all right?" huku anapanda. Mimi nikasimama. Nikajiangalia nguo, nikajipapasa uso. Nikamjibu, "Yes, why? What is wrong?" Naye akasimama, kashtuka kuliko mimi! Tukabaki tunatazamana kama watu waliogonganisha baiskeli. Kumbe jamani ile ni salamu! Kwao ni kama sisi tunavyosema "Vipi?" Alitegemea nimwambie "Yeah, you?" basi, kila mtu na njia yake.

Nilicheka peke yangu mpaka hosteli. Tatizo letu ni kwamba tangu shule ya msingi tumekariri jibu moja, tena kwa wimbo: "I am fine, thank you, and you?" Sio kosa, Kiingereza safi kabisa. Ila tunalibandika kila mahali. Mtu akisema "What's up?" tunamwambia "I am fine". Hebu fikiria mtu anakwambia "Mambo?" wewe unamjibu "Sijambo". Atakuelewa, lakini atakuangalia mara mbili. Wenyewe hapo husema "Not much, you?" Ukiulizwa "How's it going?" unasema "Good, thanks" au "Not bad". Ile "How do you do?" ya vitabu vya zamani jibu lake ni hiyohiyo "How do you do?", na siku hizi ni nadra kuisikia. Halafu kuna "I'm good". Mwalimu wangu wa sekondari alikuwa anatuchapa kwa hiyo, anasema good maana yake mwema, umejisifu. Jamani, watu wanaisema kutwa nzima. Kwenye mtihani andika "I am well", koridoni sema unavyotaka.

Lakini sikuja kwa ajili ya hayo. Kicheko kiliniishia nilipokumbuka TP ya mwaka jana, na hii sikuwahi kuisimulia hapa.

Nilipangiwa Mufindi, shule ya kata, baridi ya kukata masikio. Kidato cha pili, watoto 58. Kila nikiingia wanasimama: "Good mooorning, madam!" Nami, "How are you?" Wao kwa pamoja, "We are fine, thank you, madam, and how are you?" Nikajiona mwalimu kamili.

Kuna binti mmoja alikosa shule wiki nzima. Jumatatu akaja, nikamkuta mlangoni. "How are you?" Akainamisha kichwa, "I am fine, thank you, madam." Nikamwambia haya, kama uko fine, tueleze ulikuwa wapi, kwa Kiingereza, maana sheria ya shule ni Kiingereza tu. Kimya. Nikamwacha amesimama kipindi kizima. Dakika 40. Nilidhani ndio kusimamia nidhamu.

Saa nne monita akanifuata ofisini, akaniambia taratibu kwa Kiswahili: "Madam, yule alifiwa na mama yake. Wamemaliza matanga juzi."

Sikula siku ile. Kilichonikaa moyoni ni kwamba sisi tunajua kuuliza! Yule bibi niliyepanga kwake, asubuhi akishasema "Kamwene" yake, hakuachii hapo. Umeamkaje, za nyumbani, wazazi wanasemaje. Na sisi wa Kiswahili nasi la kwanza hujibiwa "nzuri" hata kama nyumba imeungua, lakini la pili au la tatu ndio ukweli unachungulia: "Nzuri, ila tulifiwa." Au mtu anasema "nzuri kidogo", na mwenye akili lazima aulize, mbona kidogo? Kiingereza hakina foleni hiyo ya maswali. Ni moja, unarudishiwa, mmemaliza. Kwa hiyo kama una jambo, lazima ulipenyeze kwenye jibu lenyewe. Na maneno ya kulipenyeza yapo, ila yule mtoto nani alimfundisha? Alikuwa na ufunguo mmoja, "fine", na mimi nikautumia kumfungia nje.

Nilimwomba radhi, kwa Kiswahili, nyuma ya darasa. Alisema "haina neno, madam". Ilikuwa na neno.

Kesho yake nikaweka andalio la somo pembeni. Nikaandika ubaoni: "Not so good, madam." "I've been better." "A bit tired today." "Hanging in there", ambayo niliwaambia ni kama mtu wa kwetu anavyosema "tunasukuma siku". Nikawaambia pia kwamba mtu akikujibu hivyo, wewe unayeuliza una deni, unasema "Oh, what happened?" sio kuendelea kufuta ubao. Walifurahi mno. Tatizo, wakazitoa nje ya darasa. Makamu mkuu wa shule akamsalimu mmoja mstarini, kijana akajibu "Not bad, sir, you?" Weee! "Not bad ndio nini? Unamwambia nani you?" Nikaitwa kujieleza. Na kweli nilikosea, sikuwaambia kwamba kwa mkubwa "you?" tupu ni kama kumpa mzee "mambo". Msimamizi kutoka chuoni alipokuja kunikagua akaandika kuwa niko nyuma ya azimio la kazi. Alama zangu za TP mnazijua, msinikumbushe.

Siku yangu ya mwisho yule binti alinibebea madaftari mpaka ofisini. Nikamuuliza how are you, nikasubiri. Akafikiri kidogo. "Today, not too bad, madam. And how are you, madam?" Nikamwambia "A bit sad, actually," akaniuliza "Oh, what happened?" na mimi mwalimu mzima nikakosa Kiingereza.

Haya, kipindi cha saa nane hicho, na daftari langu sijui nani analo. Aliyelichukua Jumatatu kwenye semina alirudishe, lina jalada la kijani.