Mama, nitilie... kwa Kikorea



Mdogo wangu, mtoto wa mama mkubwa, kapata nafasi ya kwenda kusoma Korea ya Kusini. Shahada ya pili, miaka miwili, anaondoka mwezi ujao. Kama wasichana wengi wa rika lake, Kikorea anakijua kupitia tamthilia. Sisi kaka zao tulianza na Jumong, ile ya mwaka 2006, tukinunua sidii mitaani Kariakoo na kukesha nazo. Yeye kaja na zake za mapenzi. "Nakupenda" kwa Kikorea anajua, "usiniache" anajua. Nikamuuliza, je, "supu hii ina nguruwe?" unasemaje? Kimya.

Hilo ndilo tatizo la kujifunza lugha kwenye tamthilia. Wapendanao wa kwenye luninga hawaulizi mchuzi umepikwa na nini. Lakini nyumbani kwao hilo ndilo swali kubwa kuliko ada. Mama mkubwa ni mtu wa swala tano, na tangu barua ya chuo ifike ana wimbo mmoja tu: "Mwanangu atakula nini huko?"

Mimi nilikaa Seoul wiki tatu, mwaka 2019, kwa mafunzo ya waandishi wa habari. Kikorea cha kusomea gazeti sina. Cha kulia chakula ninacho, maana njaa ni mwalimu mkali. Basi Jumatano mchana nikampeleka dada huyu kwa mama ntilie mmoja hapa Posta, nyuma ya majengo ya ofisi, pale ambapo makarani, madereva teksi na mawakili wanabanana benchi moja. Nilitaka ajifunze Kikorea huku masikio yake yakisikia Kiswahili cha mezani kwetu. Maneno nimeyaandika kwa matamshi ya Kiswahili, yasome kama yalivyo.

Tukaanza na kuita. Ukitaka mhudumu akutazame unasema "yogiyo", yaani "hapa". Ni neno la adabu, halina ubaya wowote. Lakini kwenye vile vijiwe vidogo vya chakula, mpishi akiwa mama wa makamo, wateja wengi humwita "imo". Maana yake ni dada wa mama. Siyo shangazi, jamani. Shangazi, dada wa baba, ni "gomo", na huyo sikumsikia akiitwa mezani hata siku moja. Kiingereza kinawatia wote wawili kwenye neno moja. Kikorea na Kiswahili hapana. Imo ni mama mkubwa au mama mdogo.

Sasa lifikirie jina letu la mama ntilie. Jina lile ni sentensi nzima: mama, nitilie. Ombi la mteja aliyeshika sahani limegeuka kuwa jina la kazi. Mtu mzima, ana funguo za ofisi mfukoni, akishikwa na njaa anamwita mama mwanamke ambaye hakumzaa. Wakorea nao njaa ikiwashika wanakimbilia upande wa mama. Sijui nani kamwiga nani... nadhani ni tumbo tu.

Angalizo. Imo si wa kila mahali. Kwenye mgahawa wa kifahari utachekwa, na binti wa miaka ishirini ukimwita hivyo atanuna, kama vile dada wa Samora ukimwita "bi mkubwa". Hapo baki na "yogiyo". Na msichana mwenzako aliyekuzidi kidogo unaweza kumwita "onni", yaani dada, lakini hilo ni la wanawake wao kwa wao.

Pili, kuagiza. Neno la dhahabu ni "juseyo". Taja kitu, kisha weka juseyo. "Mul juseyo", naomba maji. "Menyu juseyo", naomba menyu (naam, menyu ni menyu vilevile). Kitenzi chenyewe ni "kupa", ila kimevalishwa mkia wa heshima. Ukiukata mkia ukasema "jwo", umesema "nipe!" ya kuambiana watoto. Sisi heshima yetu tunaiweka kichwani: naomba wali nyama, naomba ugali dagaa. Wao wanaiweka mkiani. Mgeni anayeingia Kariakoo na "nipe" zake huhudumiwa, lakini hatiliwi kwa moyo.

Hapo dogo akaandika sentensi yake ya kwanza: "Bibimbap hana juseyo." Akacheka mpaka akapaliwa, maana "hana" kwa Kikorea ni moja. Naomba bibimbap moja. "Sasa kaka, ninayo au sina?" Hehehe. Bibimbap ni wali uliopangwa mboga juu, mara nyingi na yai, na nyama ya ng'ombe pia huwekwa. Mtu wa Dar haumshindi.

Tatu, kuongeza. Ukikaa mezani Korea unaletewa visahani vya kachumbari zao, kimchi, mchicha, machipukizi ya maharage, vyote vinaitwa banchan, na havilipiwi. Vikiisha unasema "do juseyo", niongezee. Wakati namweleza hivyo, karani mmoja jirani yetu akainua sahani: "Mama, niongezee mchuzi." Akaongezewa, na maharage kidogo juu, bure. Nikamwambia dogo: umesikia? Hiyo ndiyo "do juseyo".

Nne ndiyo yenyewe, ile ya mama mkubwa. Nguruwe ni "dweji-gogi". "Gogi" ni nyama, ng'ombe ni "so-gogi", kuku ni "dak", samaki wa kupikwa ni "sengson". Kasema "dweji-gogi mot mogoyo", siwezi kula nguruwe, mara ishirini hadi mama wa pembeni akauliza kama tunagombana. Ipo pia "dweji-gogi pe-juseyo", naomba uiondoe, lakini hiyo nimemkataza. Kuokota vipande juu hakusafishi mchuzi. Kimchi jige, ile supu yao nyekundu ya kimchi inayopendwa nchi nzima, mara nyingi hupikwa na nguruwe, na kwa macho huoni. Pombe nayo huingia kwenye kuchovya nyama. Kwa hiyo sentensi peke yake haitoshi. Uliza kabla ya kukaa, samaki na mboga ziwe kimbilio, na siku ukitaka kula bila kuuliza nenda Itaewon, Seoul. Hapo upo Msikiti Mkuu wa Seoul uliofunguliwa mwaka 1976, na mitaa inayouzunguka ina vyakula halali. Jina la mtaa huo nimelituma kwa mama mkubwa pia. Alijibu kwa herufi kubwa: ALHAMDULILAHI.

Mengine ni haraka haraka. "Mewoyo?" ni kuuliza kama kina pilipili. "An mepke he-juseyo", naomba usikifanye kikali. "Pojang he-juseyo" ni ile "nifungie" yetu. "Pokeu juseyo" ni kuomba uma kama vijiti vya chuma vimekushinda, ila wali wenyewe wanaula kwa kijiko, usione haya. "Gyesan he-juseyo", nipigie hesabu. Sehemu nyingi unakwenda kulipa kaunta, na bakshishi siyo desturi yao. Ukikaa na wakubwa, subiri mkubwa aanze. Kupokea na kumimina ni kwa mikono miwili, jambo ambalo bibi zetu walishatufundisha.

Na ukimaliza, unapotoka: "Jal mogosumnida." Nimekula vizuri. Hili usilisahau. Pale Seoul kulikuwa na kijiwe kimoja karibu na nilipofikia, imo wa pale hakuwa na neno hata moja la Kiingereza. Nilipoanza kumwita imo na kumuaga kwa sentensi hiyo, bakuli langu la wali lilianza kuja limejaa zaidi. Hatukuwahi kuzungumza kitu kingine.

Nikamaliza somo. Wakati tunanawa, kijana mmoja kaja, kitambulisho cha ofisi shingoni, simu sikioni. Hakusema mama wala dada. Alipiga "psst!", akagonga meza na kidole akionyesha sufuria. Mama akaja, akampakulia, akaondoka. Hakuongezewa kitu. Dogo akanitazama: "Kaka, na huyu kwa Kikorea anasemaje?"

Nikamwambia, huyo hata Kiswahili hajasema.

Wadau, hapo ndipo penye uchungu. Wasomi wa mjini tunatafuta sentensi nzuri za kwenda kulia ugenini, halafu hapa Posta tunaagiza kwa vidole. Kwenye migahawa yenye kiyoyozi tunajua kusema "samahani" na "asante sana". Benchi likiwa la mbao, adabu inabaki ofisini.

Na Wakorea nao wako kwetu. Daraja la Tanzanite lililofunguliwa mwaka 2022 lilijengwa kwa mkopo wao na kampuni yao. Treni ya Mchongoko inayotoka Stesheni ya Magufuli ni kazi ya Hyundai Rotem. Kule Korea, Chuo Kikuu cha Hankuk kinafundisha Kiswahili. Ipo siku mmoja wa wanafunzi wake atakaa kwenye benchi lile na kusema kwa matamshi yake ya darasani, "Mama, naomba wali maharage." Ataongezewa mchuzi kabla hajaomba, nawahakikishia.

Haya, karibuni chakula. Ukiwa umeshiba, jibu ni lilelile: starehe.