Pumua Haitoshi

Sisi wa kitivo cha lugha tumezoea kuambiwa kwamba sayansi ni mambo ya wenzetu wa vitivo vingine. Tangu nianze kumsaidia kaka yangu kufundisha vijana kuogelea kwa mashindano huko Kavimvira, mjini Uvira, siamini tena hivyo.

Bwawa hatuna. Tuna Ziwa Tanganyika, kamba ya mita 50 iliyofungwa kwenye bidoni mbili, saa moja, na asubuhi kabla upepo haujaamsha mawimbi. Jioni ufuo tunawaachia viboko. Maji ya leo si ya jana, kwa hiyo saa peke yake hudanganya. Ndiyo maana kaka hupima mapigo ya moyo: muogeleaji akifika kwenye kamba huweka vidole viwili shingoni, huhesabu kwa sekunde 10, kisha huzidisha kwa 6. Kwa makadirio ya kawaida, yaani 220 kutoa umri, kilele cha kijana wa miaka 16 ni mapigo 204 kwa dakika. Akihesabu 26, sawa na 156, bado yuko kwenye mwendo wa kujenga ustahimilivu.

Ukimwuliza mtoto wa kwetu, "Umechoka?" atakujibu, "Hapana, yaya, niko na nguvu," kwani kulalamika mbele ya mkubwa si adabu. Ukimwuliza, "Umehesabu ngapi?" adabu yake inabaki, nawe unapata ukweli.

Neno lililotusumbua zaidi ni *pumua*. Mtoto akisikia "Pumua!" huinua kichwa na kuvuta hewa juu ya hewa ambayo hajaitoa. Kumbe kinachobana kifua hasa ni kabonidayoksaidi iliyojaa mwilini. Sasa tunasema "toa" uso ukiwa majini, na "vuta" uso ukigeukia upande. Maneno mawili mafupi, na mikono hufuata mdundo wake.

Kuna neno lingine ambalo nusura lituletee msiba. Wavulana wakishindana kukaa chini ya maji, kwanza hupumua kwa kasi mara nyingi. Wao huita *kujaza hewa*. Jina hilo ni la uongo. Oksijeni huongezeka kidogo sana. Kinachopungua ni kabonidayoksaidi, ambayo ndiyo kengele ya mwili. Kengele ikizimwa, mtu huzimia majini bila kuhisi haja ya kupumua. Mwaka jana mmoja wao alitolewa akiwa hajitambui. Alipona. Tangu siku hiyo tunakiita kitendo hicho *kuzima kengele*, na tumekikataza. Katazo la zamani, "ni hatari," halikumshtua mtu. Jina jipya linawafanya waulize kengele gani, nasi tunapata nafasi ya kueleza.

Wenzangu mnaotafuta mada ya kazi ya mwisho wa masomo, istilahi za michezo bado hazijashughulikiwa vya kutosha. Njooni ufuoni asubuhi na daftari.